Kaliba na risasi za masafa marefu kwenye vitalu vya Liwale na Kilwa: tujadili kwa vipimo

#1 Nyayo za Liwale

Wakuu, habari za Lindi na Mtwara. Naleta swali la kambi. Mgeni wetu wa Julai ametuma orodha ya silaha zake. Ya kwanza ni bunduki ya kaliba (upana wa risasi na aina ya ganda lake) 6.5 Creedmoor, ya bolti (komeo la kuvuta kwa mkono), yenye risasi alizojaza mwenyewe huko kwao, kichwa cha greni 143 (kama gramu 9.3) aina ya ELD-X. Ya pili ni .375 H&H Magnum yenye risasi za dukani. Kwenye leseni ana swala pala, kongoni, palahala, pofu na nyati. Ameandika kwamba bunduki yake ya 6.5 inashika shabaha vizuri hadi mita 500 na kwamba ataitumia kwa wanyama wote isipokuwa nyati.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Kwa miombo yetu hiyo 6.5 inatosha? Na hizo risasi za kujaza kwa mkono tuzikague vipi kabla hatujatoka nazo kambini?

#2 Mbwemkuru

Mkuu Nyayo, nianze na umbali, maana umbali ndio unaoamua mengine yote.

Miombo ya Liwale ni msitu wenye nafasi. Mnyama unamwona kati ya miti, mara nyingi mita 60 hadi 150. Umbali wa mita 250 au 300 unaupata ukingoni mwa mbuga, kwenye mabonde ya mito iliyokauka, au pale nyasi zilipoungua. Kwa hiyo bunduki ya mgeni wako itafanya kazi kubwa karibu kuliko anavyodhani, na huko karibu ndiko kichwa cha risasi kinakogonga kwa mwendo mkali zaidi. Hilo ni la kwanza.

La pili ni muda. Kichwa cha greni 143 kinachotoka mtutuni kwa mita 823 kwa sekunde (futi 2,700) kinatumia takriban sekunde 0.4 kufika mita 300, na sekunde 0.7 kufika mita 500. Kongoni anayetembea taratibu anasogea kama mita moja kwa sekunde. Maana yake, ukifyatua akiwa amesimama kisha akanyanyua mguu wakati huohuo, kwa mita 300 risasi inamkuta sentimita 40 nyuma ya pale ulipolenga. Kwa mita 500 ni sentimita 70. Ulilenga mapafu, umepiga tumbo. Hakuna kaliba ya kubebeka begani inayofuta hiyo hesabu, na darubini ya bei yoyote haiisaidii.

La tatu ni nguvu inayobaki. Risasi hiyo inaanza na takriban jouli 3,140, kwa mita 300 zinabaki kama 2,170, na kwa mita 500 kama 1,660. Kwa swala pala wa kilo 60 bado ni nyingi. Kwa pofu dume anayeweza kufika kilo 900 ni ndogo mno, hasa akiwa amesimama upande upande na bega limetangulia.

Msimamo wangu: 6.5 ni sawa kwa pala, tohe na ngiri, hadi mita 300 ikiwa hali ni nzuri. Kongoni na palahala asizidi 200, na awe amesimama ubavu wazi. Pofu apigwe kwa .375. Nyati hana mjadala, sheria yetu inataka kaliba isiyopungua .375 (ya inchi) kwa wanyama hatari.

#3 Mikindani Pwani

Mkuu Mbwemkuru, umeidharau 6.5. Ndugu yake 6.5x55 ya Uswidi imekuwepo tangu miaka ya 1890 na inaangusha moose wa Skandinavia (mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu), wakubwa kuliko pofu jike wengine. Kinachoipa uwezo ni urefu wa kichwa ukilinganisha na upana wake, kwa hiyo inapenya.

#4 Mbwemkuru

Sikuidharau, kaka. Yule mnyama wa Skandinavia hupigwa mara nyingi chini ya mita 100, kwa kichwa kizito cha greni 156 kinachokwenda taratibu. Hiyo ni kazi tofauti kabisa na kupeleka kichwa chepesi cha kulenga mbali mita 400. Kinachopenya ni ujenzi wa kichwa na mwendo wake wakati wa kugonga. Kaliba ikiwa peke yake haikuambii lolote.

#5 Rondo

Hapo Mbwemkuru amegusa kiini, na mimi ningeanzia hapo badala ya kaliba. Chagua kichwa cha risasi kwanza, halafu tafuta ganda la kukisukuma.

Vichwa vya kulenga mbali kama ELD-X vina ncha ya plastiki, mkia uliochongwa na koti (ngozi ya nje ya kichwa) jembamba. Vimetengenezwa vifunguke hata vikifika vimepungua mwendo, kama mita 550 kwa sekunde hivi. Ni jambo zuri kwa mita 400. Lakini kichwa hichohicho kikigonga bega la palahala kwa mita 70, bado kina mwendo wa mita 780 na zaidi kwa sekunde. Kinachanua haraka, kinapoteza sehemu kubwa ya uzito wake, na vipande vinaishia kwenye misuli na mfupa. Nje unaona jeraha pana, ndani mapafu hayakuguswa vya kutosha. Mnyama anakimbia, na wewe unabaki na damu kidogo kwenye majani makavu.

Kwa nchi yetu ambako nafasi ya kwanza ya kupiga inaweza kuwa mita 60 na ya pili mita 280, kichwa kinachofaa ni kimojawapo kati ya aina hizi. Kuna kilichogawanywa vyumba viwili kwa ukuta wa shaba, kama Nosler Partition iliyoanza kuuzwa mwaka 1948: chumba cha mbele kinachanua, cha nyuma kinabaki kizima na kuendelea kupenya. Swift A-Frame ni ya ukoo huo, ila sehemu ya mbele imeunganishwa na koti ili isibanduke. Kuna kilichounganishwa kiini na koti tu bila ukuta. Na kuna cha shaba tupu kama Barnes TSX, kinachofunguka petali nne na kubaki na karibu uzito wake wote.

Shaba tupu ina masharti mawili watu wanayasahau. Ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule kinakuwa kirefu zaidi na kinataka mtutu wenye msokoto wa kasi (mifereji ya ndani inayozungusha kichwa haraka zaidi). Ndiyo maana kwenye .30-06 unashuka uzito: badala ya greni 180 unachukua 165 au 168, na hupotezi kitu. Pili, kinahitaji mwendo wa kutosha ili kifunguke. Kikifika kimechoka kinatoboa tundu jembamba kama la msumari, mnyama anakwenda kilomita mbili. Kwa shaba tupu mimi naweka ukomo pale mwendo unaposhuka chini ya mita 600 kwa sekunde.

Mwambie mgeni alete pia risasi za dukani za 6.5 zenye kichwa kigumu cha greni 120 hadi 140, alinganishe shabaha zake kwao kabla hajapanda ndege.

#6 Nachingwea Mjini

Wakuu, kama mtu anaanza upya na anataka bunduki moja ya wanyama wa kawaida kwa vitalu vyetu, mnamshauri ipi? Nasikia sana .300 Win Mag.

#7 Mbwemkuru

.30-06 Springfield. Ya mwaka 1906 na bado inatosha. Kichwa cha greni 180 kinatoka kwa mita 823 kwa sekunde. Ukiweka shabaha mita 200 (yaani darubini irekebishwe igonge pale unapolenga kwa umbali huo), kwa mita 100 itapiga sentimita 6 au 7 juu, na kwa mita 300 itashuka kama sentimita 27. Yaani hadi mita 220 au 230 unalenga katikati ya kifua bila kuwaza.

.300 Winchester Magnum, ya 1963, kichwa hichohicho inakitoa kwa mita 900 hivi. Kwa mita 300 inashuka sentimita 22 badala ya 27. Unanunua sentimita 5. Bei yake ni teke (msukumo wa bunduki begani) kubwa zaidi, mlipuko mkali zaidi na mtutu mrefu unaokwama kwenye matawi. Kuna wanaoimudu vizuri, na kwa pofu ina faida ya kweli. Lakini wengi wakishapigwa teke mara kumi wanaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na hilo linapoteza shabaha kuliko sentimita 5.

7mm Remington Magnum ya 1962 ipo katikati ya hizo, inakwenda tambarare na teke lake ni la wastani. .308 Winchester ya 1952 iko nyuma ya .30-06 kidogo tu, na bunduki zake ni fupi. .270 Winchester ni nzuri mno kwa pala na kongoni. Hizi zote zinafanana kuliko watu wanavyobishana. Angalia ipi risasi zake utazipata dukani Dar es Salaam mwaka kesho na mwaka keshokutwa, maana kaliba mpya ya sifa isiyo na risasi ni fimbo ya kutembelea.

#8 Masasi Kusini

Na 9.3x62? Wazee wengi wa zamani waliipenda.

#9 Rondo

Ni kaliba ya heshima, ya 1905, greni 286, teke la kistaarabu. Kwa pofu ni tamu. Ila upana wa kichwa chake ni .366, haufiki .375, kwa hiyo kwa nyati hapa kwetu usiitegemee bila kuuliza TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) kwanza. Usimwache mgeni aje nayo kama bunduki yake kubwa halafu mambo yaharibikie kambini.

#10 Fundi Lukuledi

Nilikuwa nasubiri swali la risasi za kujaza kwa mkono, maana hapa ndipo penye hatari ya macho na vidole.

Kwanza sheria. Tanzania kutengeneza risasi bila leseni ni kosa. Kwa hiyo kambini hakuna kurekebisha: hakuna kuchomoa kichwa, hakuna kukisukuma ndani zaidi, hakuna kuongeza wala kupunguza baruti. Risasi iliyoshindwa ukaguzi inawekwa pembeni kwenye boksi lake na kubaki kwenye hesabu. Mgeni azitangaze zote kwenye kibali chake kama zilivyo.

Sasa ukaguzi. Mwombe kabla ya safari akutumie maandishi ya kila boksi: aina na uzito wa kichwa, aina ya baruti, aina ya fataki (kiwashio kilicho katikati ya kitako cha ganda), urefu wa risasi nzima, ganda limeshatumika mara ngapi, na mwendo alioupima kwa kipima mwendo akiwa na joto la nyuzi ngapi. Aliyejaza vizuri atakujibu siku hiyohiyo, kwa sababu ameyaandika. Akikujibu kwa kukisia, mshauri aje na za dukani.

Kambini, shika kila risasi moja moja mchana kweupe. Soma maandishi ya kitako cha ganda, yalingane na maandishi ya mtutu. Kambi ikiwa na .308 na .30-06 kwa pamoja, hatari ni kubwa: ile fupi ya .308 inaingia kwenye chemba (nafasi ya risasi nyuma ya mtutu) ya .30-06, inalipuka, na ganda linapasuka au kuvimba. Kila kaliba iwe na boksi lake na mkanda wake, wala isilale na nyingine mfuko mmoja.

Pitisha kidole kwenye fataki. Inatakiwa iwe imezama kidogo chini ya usawa wa kitako. Ikichomoza hata unywele, weka pembeni.

Angalia ganda juu kidogo ya kitako. Ukiona mstari unaong'aa umezunguka ganda zima, hapo shaba nyeupe imevutika na ganda linakaribia kukatika vipande viwili. Hutokea zaidi kwa maganda yenye mkanda (pete nene juu kidogo ya kitako) kama .300 Win Mag na .375 H&H, kwa sababu mkanda ndio unaolishikilia ganda kwenye chemba, na anayejaza akirudisha bega la ganda nyuma mno kila mara, ganda linanyooka upya kila linapolipuka. Ganda likikatika, nusu ya mbele inabaki ndani ya chemba na bunduki imekufa mpaka upate chombo cha kuitolea. Fikiria hilo likitokea nyati yuko mita 30.

Kisha zipitishe zote kwenye bunduki, kutoka kwenye magazini hadi chemba na kutolewa. Fanya hivyo uwanja wa shabaha, mtutu ukielekea kwenye tuta la udongo, kidole nje ya kifyatulio, na mtu mwingine asisogee mbele. Hapa utagundua mawili. Risasi iliyojazwa ndefu ili kichwa kikaribie mifereji ya mtutu hukwama mbele ya magazini. Na mbaya zaidi, kichwa chenyewe kinaweza kung'ang'ania kwenye mifereji. Ukivuta bolti, ganda linatoka na kichwa kinabaki mtutuni, baruti inamwagika ndani ya mitambo, na chembe zake zinaingia kila mahali. Siku ya kuwinda imeishia hapo. Kwa 6.5 Creedmoor urefu wa kawaida hauzidi milimita 71.76, kwa .30-06 na .300 Win Mag milimita 84.84, kwa .375 H&H milimita 91.44. Akisema amezidisha, muulize sababu.

Risasi inayoingia kwa kusukumwa na kiganja cha mkono ni ya uwanja wa shabaha. Anayerekebisha shingo tu ya ganda na kuacha mwili ulivyo anapata ganda linalobana chemba yake. Likipata vumbi la barabara ya Nangurukuru hadi Liwale, halifungi. Ganda la kuwindia lirekebishwe mwili mzima, liingie bila kulazimishwa.

#11 Nyayo za Liwale

Mkuu Fundi, asante sana. Umetaja joto. Kwao wakati wa kujaza ni baridi. Hilo lina uzito kiasi gani?

#12 Fundi Lukuledi

Kubwa. Baruti iliyopashwa moto inaungua kwa kasi zaidi na shinikizo linapanda. Mtu aliyejaza hadi ukomo kwenye nyuzi 5, akipima maganda yake na kuyaona salama, akija kwetu kwenye nyuzi 33 ile nafasi ya usalama haipo tena. Zikiachwa juu ya dashibodi saa saba mchana ni hatari tupu. Zipo baruti zilizotengenezwa zisiyumbishwe sana na joto, H4350 na Varget ni mojawapo, na ndizo zinazofaa kwa anayesafiri kuja ukanda wa joto. Hata hivyo zinayumba kidogo tu, haimaanishi hazibadiliki kabisa.

Siku ya kupima shabaha usianze asubuhi na mapema. Rusha mbili tatu alasiri, jua kali, halafu kagua maganda. Dalili ya shinikizo kupita kiasi ni bolti kuwa nzito kuinua, alama ya duara inayong'aa kwenye kitako pale chuma cha kutupia ganda kilipojibonyeza, masizi kuzunguka fataki, au fataki kudondoka kabisa. Fataki kuwa bapa peke yake haitoshi kuhukumu, nyingine ni laini kiasili. Lakini bolti nzito haina tafsiri ya pili: acha kupiga risasi hizo, zote zilizojazwa pamoja nazo, mpaka mwisho wa safari.

Na moja ya .375. Teke lake linatikisa risasi zilizobaki kwenye magazini, vichwa vinagonga ukuta wa mbele na vinaweza kuzama ndani ya ganda. Chukua kalamu ya wino, chora mstari mdogo pale kichwa kinapokutana na mdomo wa ganda kwenye risasi ya chini kabisa. Piga za juu, halafu itoe hiyo uitazame. Mstari ukipotea ndani, shingo haijabana vya kutosha.

#13 Kusi

Mmesahau upepo, na jina langu linanitaka niseme.

Kuanzia Julai hadi Septemba kusi linavuma, na kwenye uwazi wa mbuga mchana linafika kilomita 16 kwa saa bila kujitangaza. Upepo huo ukija ubavuni, .30-06 ya greni 180 inasukumwa kama sentimita 20 kwa mita 300, na kama sentimita 37 kwa mita 400. Ile 6.5 ya mgeni, kwa kuwa kichwa chake kinakata hewa vizuri zaidi, inasukumwa sentimita 15 au 16 kwa mita 300. Hiyo ndiyo faida halisi ya 6.5, wala si nguvu.

Ila tazama ukubwa wa shabaha. Eneo la moyo na mapafu la swala pala ni kama sentimita 20 kwa upana. Ukikosea kusoma upepo nusu tu, umeshatumia sentimita 8 hadi 10, na bado hujahesabu mkono wako. Mtu anayeweka risasi zake ndani ya sentimita 5 kwa mita 100 akiwa kwenye fito za kulengea, kwa mita 300 ni sentimita 15. Jumlisha. Hapo ndipo ukomo wa kila mtu unapopatikana, na kila mtu ana wake.

Soma upepo pale alipo mnyama, siyo pale ulipo wewe. Nyuma ya mti umetulia, mbugani nyasi zimelala. Moshi wa moto wa nyasi ni kipimo kizuri sana msimu huo: ukipanda wima, upepo haufiki kilomita 3 kwa saa.

#14 Masasi Kusini

Nyongeza ndogo: kipima umbali cha leza kinadanganya kwenye nyasi ndefu. Kinapiga shina lililo mbele na kukupa mita 180 wakati mnyama yuko 260. Pima mara tatu, pima pia mti ulio nyuma yake, ndipo uamini.

#15 Mbwemkuru

Na yadi! Wageni wa Marekani kadi zao za kushuka kwa risasi zimeandikwa kwa yadi, msasi wako anasema mita. Mita 300 ni yadi 328. Kwa .30-06 iliyowekwa shabaha yadi 200, kosa hilo pekee linakushusha sentimita 10 hivi zaidi ya ulivyotarajia. Kubalianeni siku ya kwanza, wote mita au wote yadi, na kipima umbali kiwekwe hivyohivyo.

#16 Nachingwea Mjini

Utaratibu wenu wa kuweka shabaha kambini ukoje? Wengine wanapiga mbili kwenye boksi la kadibodi na kuondoka.

#17 Rondo

Mbili kwenye boksi hazitoshi. Bunduki imesafiri kwenye tumbo la ndege, imerukaruka kwenye gari siku nzima. Kabla ya risasi yoyote, kaza skrubu za kitako na za vishikio vya darubini, na upitishe kitambaa kikavu mtutuni. Mafuta yakibaki ndani, risasi ya kwanza inakwenda kwingine kabisa.

Anzia mita 25, risasi moja, bunduki imelala kwenye mifuko ya mchanga, mfuko mmoja mbele chini ya mbao na mwingine nyuma chini ya kitako. Mtutu wenyewe usiguse chochote. Hapo unajua tu kama upo kwenye karatasi. Kisha mita 100, risasi tatu bila haraka, na mtutu upoe kati ya fungu na fungu mpaka uweze kuushika.

Darubini nyingi zina mibofyo ya robo dakika ya pembe (MOA): kila mbofyo unasogeza milimita 7 kwa mita 100. Fungu (matundu ya risasi hizo tatu kwenye karatasi) likiwa sentimita 5 chini, panda mibofyo 7. Zenye vipimo vya mil, mbofyo ni sentimita 1 kwa mita 100. Kwa mita 25 mbofyo uleule unasogeza robo tu ya hapo, ndiyo sababu mtu anayerekebisha kila kitu kwa mita 25 anadhani darubini imeharibika.

.30-06 iache sentimita 6 au 7 juu kwa mita 100, halafu usiamini hesabu, nenda mita 200 uhakikishe. .375 ya greni 300 iweke kamili mita 100. Kwa kichwa butu cha kuwindia itashuka karibu sentimita 18 kwa mita 200, na mbali zaidi ya hapo haina kazi.

Kisha mwondoe mgeni kwenye meza. Apige akiwa amesimama kwenye fito tatu, mita 100, na wewe utazame fungu lake bila kusema neno. Fungu hilo ndilo linaloamua umbali wake kwa safari nzima, na lile la mezani lilikuwa la kupima bunduki tu. Kesho yake alfajiri, mtutu ukiwa baridi na mchafu wa risasi za jana, apige moja. Hiyo ndiyo risasi atakayompigia mnyama.

#18 Mikindani Pwani

Nakubali hoja ya fito. Nyati je, vichwa gani kwenye .375?

#19 Mbwemkuru

Ya kwanza iwe ya kuchanua na ngumu, A-Frame au TSX ya greni 300, hasa akiwa ndani ya kundi, ili isitoboe na kumjeruhi wa nyuma yake. Zinazofuata kwenye magazini ziwe za shaba ngumu zisizochanua, maana risasi ya pili kwa kawaida inampata akikimbia na makalio yamekuelekea, na lazima ipenye kutoka huko hadi kifuani. Umbali: mita 100 au pungufu, kikomo. Risasi ngumu na za kuchanua zote zijaribiwe kwenye karatasi moja. Zikitofautiana zaidi ya sentimita 5 kwa mita 50, tafuta mchanganyiko mwingine.

Na mgeni aelewe kabla ya kufyatua: mnyama aliyejeruhiwa akapotea anahesabiwa kwenye leseni yake kama aliyeuawa. Hakuna kupiga kutoka kwenye gari. Askari wa wanyamapori aliye pamoja nanyi anaandika yote.

#20 Nyayo za Liwale

Wakuu nimeelewa. Nimemwandikia: maandishi ya kila boksi yaje kwanza, alete za dukani zenye kichwa kigumu, pofu ni kwa .375, na ukomo wa 6.5 utawekwa na fungu lake la kwenye fito. Swali la mwisho: kuhifadhi. Sisi kabla ya Liwale tunalala Lindi mjini siku mbili, hewa ya chumvi.

#21 Fundi Lukuledi

Risasi zibaki kwenye boksi la plastiki linalofunga, pamoja na pakiti za kunyonya unyevu, ndani ya sanduku la chuma la kufuli kama sheria inavyotaka, mbali na bunduki. Usizipake mafuta yoyote. Yakipenya kwenye fataki zinakataa kulipuka, na yakibaki juu ya ganda, ganda halishiki kuta za chemba na bolti inapokea msukumo wote. Mkanda wa ngozi usilale na risasi ndani yake, ngozi inakula shaba na kuacha kutu ya kijani. Zipanguse kwa kitambaa kikavu kila jioni.

Bunduki ndiyo ipakwe mafuta, safu nyembamba nje na ndani ya mtutu, maana kwa chumvi ya Lindi usiku mmoja unatosha chuma kuota kutu. Yaondoe kwa kitambaa kikavu mkifika kambini, kabla ya ile risasi ya mita 25.

Atenge risasi 20 za fungu moja (zilizotengenezwa pamoja) kwa kuweka shabaha na za fungu hilohilo kwa kuwinda. Akibadilisha fungu, hata la kiwanda kilekile, anarudi kwenye karatasi upya.